Mvua ni ya Mungu, Mfereji ni Wetu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya kumtumaini Mungu na kumwomba. Jambo hili si geni kwetu sisi tukaao miteremko ya Kilimanjaro. Siku ya Jumapili kengele hulia toka Machame hata Rombo, na njia za migombani hujaa watu waendao ibadani. Lakini swali letu la leo si la Jumapili, ni la Jumatatu. Mtu aliyekwisha kuitikia Amina kanisani, akirudi kihambani kwake afanye nini? Je, kumtumaini Mungu ni kukaa kitako na kungoja? Na kama kazi twaifanya wenyewe kwa mikono yetu, kuna haja gani ya kuomba?

Katika neno hili watu hukosea kwa njia mbili. Yuko mtu ambaye mtoto wake ameshikwa na homa, naye huomba usiku kucha, lakini hampeleki hospitali. Kahawa yake imeingiwa na ugonjwa, naye husema, "Mungu anajua," wala hashiki kisu kukata matawi mabovu. Huyo hudhani kwamba akifanya kazi amepunguza imani yake. Tena yuko mwingine aamkaye alfajiri, alimaye, ahesabuye fedha zake, lakini kwa kuomba hana nafasi. Husema kuomba ni kazi ya wazee ambao nguvu zimewaishia. Huyo, siku mambo yake yaharibikapo, hana pa kushika. Sisi twaona kwamba watu hawa wawili wamekosea kosa moja: wametenga vitu viwili ambavyo Mungu ameviunganisha. Nasi tutajaribu kuonyesha hayo kwa mambo matatu yaliyo ya nchi hii yetu: habari ya mtu mmoja, habari ya kanisa, na habari ya maji tunayokunywa.

Mtu huyo ni Johannes Rebmann. Alizaliwa mwaka wa 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani, naye alifika pwani yetu mwaka wa 1846, ametumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Alikaa Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Mwaka wa 1848 akafunga safari kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, pamoja na wapagazi wachache. Husimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa mwavuli tu. Asubuhi ya tarehe 11 Mei akauona mlima kwa mbali, na juu yake kitu cheupe king'aacho, naye kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza mwenzi wake wa njia, lakini huyo hakuwa na jina la kitu kile. Akakiita "baridi" tu. Ndipo Rebmann alipotambua kwamba ni theluji, kama ile aliyoijua kwao Ulaya tangu utoto.

Baadaye walipumzika kando ya mto, kivulini mwa mti mkubwa, naye akafungua kitabu chake akasoma Zaburi ya 111, isifuyo matendo makuu ya Bwana. Angalieni neno moja, wasikilizaji. Hakuitafuta zaburi hiyo kwa kuwa ameona ajabu. Ndiyo iliyofika zamu yake siku ile, maana alikuwa akisoma sehemu moja kila siku kwa utaratibu. Mtu asiye na desturi ya kusoma na kuomba, hata akionyeshwa ajabu, hana neno la kusema. Bali mwenye desturi hiyo, ajabu ikija, humkuta tayari.

Habari ya theluji ilipofika Ulaya, wako wenye elimu waliokataa kuisadiki. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyejulikana sana kwa elimu ya jiografia ya Afrika, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta, naye mwenyewe hakuwahi kufika huku kamwe. Rebmann hakuwa na la kufanya ila kusema aliyoyaona na kuendelea na kazi yake. Ilipita miaka zaidi ya 10. Mwaka wa 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika mlimani pamoja na Richard Thornton, na mwaka wa 1862 akarudi na Otto Kersten, wakapanda juu zaidi, hata theluji yenyewe ikawaangukia. Hapo ndipo maneno ya Rebmann yalipothibitika.

Lakini twawaomba msidhani kwamba habari ya Rebmann ni ya ushindi. Mwaka wa 1849 alitaka kupita Machame aende hata Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga alimmalizia bidhaa zake zote alizochukua kwa safari, hata hakuweza kuendelea. Akarudi pwani amechoka, mikono mitupu. Hakufika Uchagani tena. Alikaa Rabai miaka mingine zaidi ya 20. Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Mkewe Emma alikufa mwaka wa 1866. Kisha macho yake yakaanza kufifia, hata akawa kipofu. Mtu yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro hakuweza tena kuuona uso wa mwenzake. Mwaka wa 1875 alirudishwa Ulaya, pamoja na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, na mwaka wa 1876 akafariki.

Je, katika miaka ile yote alifanya nini? Aliomba, akafundisha, akaandika maneno. Kulikuwa na mtu mmoja jina lake Salimini, aliyechukuliwa utumwani toka nchi za Nyasa akaletwa pwani. Rebmann akakaa naye akimwuliza maneno ya lugha ya kwao, neno moja moja, akayatia katika kamusi. Kamusi hiyo ilichapwa mwaka wa 1877, yeye amekwisha kufa. Nayo mahubiri ya Injili Uchagani yalianza kukaa baada yake. Mwaka wa 1885 watu wa CMS walikaa Moshi kwa Mangi Rindi; karibu na mwaka wa 1890 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema; na mwaka wa 1893 wamisionari wa Leipzig wakaanza kazi Machame, pale pale aliponyang'anywa mali zake. Alipanda, akafa bila kuonja. Basi tukiulizwa imani ni nini, twaweza kujibu kwamba ni kuifanya kazi ya leo kwa uaminifu, ijapokuwa matunda yake hatutayaona sisi.

Na sasa tuje kwenye habari ya kanisa. Vita kuu ya kwanza ilipokwisha, Waingereza ndio waliotawala Tanganyika. Mwaka wa 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondoshwa katika nchi, wakabaki wachache mno waliokuwa na asili ya nchi nyingine. Fikirini hali ya Wakristo wa Kilutheri wa Kilimanjaro siku zile. Kanisa lao lilikuwa halijatimiza hata miaka 30. Hawakuwa na mchungaji hata mmoja wa kabila lao aliyewekewa mikono. Waliowafundisha kusoma, waliowabatiza, waliowazika wafu wao, wamekwenda zao, wala hakuna aliyejua kama watarudi. Watu wangeweza kusema, "Dini hii ilikuja na wageni, nayo imeondoka na wageni."

Lakini sivyo ilivyokuwa. Walimu wa shule na wazee wa kanisa ndio waliochukua mzigo. Walipiga kengele siku ya Jumapili, wakasoma Neno, wakaomba pamoja na watu. Na siku za kazi wakawafundisha watoto. Tangu mwaka wa 1922 walikuja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani kuwasaidia, na mwaka wa 1925 watu wa Leipzig wakaanza kurudi. Waliporudi walikuta kanisa li hai. Mwaka wa 1934 wachungaji wa kwanza wa wenyeji wakawekewa mikono. Hata vita ya pili ilipoanza, na Wajerumani wakaondolewa kazini tena, shaka ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kujifunza kusimama. Mwaka wa 1963 makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa kanisa moja, mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa upande huu wa mlima.

Sisi tulio walimu twapenda kuwakumbuka wale walimu wa mwaka wa 1920, maana majina ya wengi wao hayakuandikwa katika vitabu. Hawakuwa na elimu nyingi. Lakini walijua jambo lililo kubwa kuliko elimu nyingi: kwamba Mungu waliyemwomba hakupanda merikebu pamoja na wamisionari. Huo ndio mtihani wa imani ya kila mtu. Mzazi aliyekufundisha kuomba atakufa. Mwalimu wako atahamishwa. Mchungaji wako atastaafu. Ikiwa imani yako imeegemea mtu, mtu akiondoka itaanguka. Ikiwa imemwegemea Mungu, itasikitika, italia machozi, lakini itasimama.

Jambo la tatu ni habari ya maji, nalo ni jambo tuliloliona sote kwa macho yetu. Wazee wetu wa kale waliuheshimu sana upande wa Kibo, na jina la Ruwa walilomwita Mungu ni jina la jua pia. Hata leo mgeni akija, kitu cha kwanza tumwonyeshacho ni weupe ule wa kileleni, na wengi hudhani kwamba mito yetu, Weruweru na Karanga na mingineyo, hutoka katika barafu ile. Wataalamu waliopima wameonyesha kwamba sivyo. Maji yatokayo katika barafu ni kidogo sana. Maji yetu mengi sana hutoka katika mvua na ukungu ushukao juu ya msitu, ule ukanda wa miti mikubwa ulio juu ya vihamba, mahali penye giza, majani mabichi na kimya. Mvua hunyesha huko hata siku ambazo huku chini hatuioni. Ardhi huinywa polepole, kisha huitoa katika chemchemi.

Tena barafu yenyewe yapungua. Wataalamu walilinganisha ramani ya mwaka wa 1912 na hali ya mwaka wa 2007, wakaona kwamba sehemu 85 katika kila 100 za eneo la barafu ile zimekwisha kutoweka. Jambo hili lahuzunisha. Lakini pia latufundisha. Mtunga zaburi aliinua macho yake kuitazama milima, akauliza msaada wake utatoka wapi. Wala hakujibu kwamba utatoka mlimani, alijibu kwamba utatoka kwa Yeye aliyezifanya mbingu na nchi. Hata kitu kilichoonekana kuwa cha milele chaweza kuondoka mbele ya macho yetu. Fedha ya kahawa ni vivyo hivyo. Cheo ni vivyo hivyo. Nguvu za mwili ni vivyo hivyo. Vitu hivi vyang'aa, na watu huvisifu, lakini uhai wetu hautoki humo. Uhai wa mtu wa Mungu hutoka mahali pasipoonekana na watu, yaani katika sala ya siri, mlango umefungwa, kama Bwana wetu alivyotuagiza.

Lakini je, maji yakitoka msituni, hufika penyewe kihambani? Hapana. Wazee wetu walichimba mifereji, walioiita mifongo, tangu zamani sana kabla ya kuja mgeni yeyote. Walikinga maji juu katika mabonde ya mito, wakayaongoza kando ya miamba na juu ya migongo ya vilima, mwendo wa maili nyingi, bila vyombo vya kupimia ila macho yao na maji yenyewe. Na mfereji una sheria zake. Kila mtu ana zamu yake ya maji. Siku ya kusafisha wote hutoka, wenye shamba kubwa na wenye shamba dogo, na asiyetoka hutozwa faini. Majani yakianguka, udongo ukiporomoka, mfereji huziba. Nayo mvua ikinyesha mlimani usiku kucha, maji hayamfikii mtu.

Hapa ndipo tunapoyaona majibu ya maswali yetu mawili. Hakuna mtu awezaye kuchimba mfereji akafanya mvua inyeshe. Asiyeomba, akitumaini mikono yake tu, ni kama mtu mwenye mfereji mzuri usio na chemchemi. Wala hakuna mwenye akili asemaye, "Mungu ameleta mvua, basi tusisafishe mfereji." Aombaye bila kufanya kazi ni kama mtu anayelala na kiu, na mto wapita juu ya kichwa chake. Mvua ni ya Mungu. Mfereji ni wetu.

Tuseme sasa namna ya kuyafanya haya nyumbani. La kwanza, ombeni kwa saa iliyowekwa. Msingoje mpaka moyo upende, kwa kuwa moyo ni mvivu. Alfajiri kabla ya kwenda shambani, na jioni moto ukiwa bado unawaka, baba au mama na asome maneno machache, na mtoto mmoja aombe kwa maneno yake mwenyewe. Dakika 10 zatosha. Tone la kila siku ni bora kuliko mafuriko ya mara moja kwa mwaka.

La pili, ondoeni kinachoziba. Tuseme kuna ndugu wawili waliogombea mpaka wa kihamba alichowaachia baba yao. Wote wawili huenda kanisani, huketi mabenchi mbalimbali, wala hawasalimiani. Kila mmoja amwomba Mungu ambariki, na kila mmoja ashangaa kwamba moyo wake u mkavu. Wachaga wana desturi nzuri sana: mtu atakaye msamaha hupeleka isale kwa yule aliyemkosea. Na mmea huo huo wa isale ndio uliopandwa mipakani mwa vihamba. Kwa hiyo pale pale penye ugomvi wao, dawa imekwisha kuota. Mmoja wao na achume jani, aende kwa mwenziwe leo kabla jua halijatua, kisha ndipo arudi kuomba.

La tatu, mkiisha kuomba, inukeni mkafanye lile mliloliombea. Ukimwombea mgonjwa, umpeleke kwa daktari. Hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka wa 1971 ilijengwa kwa juhudi za chama kilichojiita kwa jina la Msamaria Mwema. Jina hilo lilichaguliwa vema. Yule Msamaria hakusimama njiani akamwombea aliyejeruhiwa, kisha akaenda zake. Alimtia mafuta na divai, akamfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa fedha yake. Ukiombea shule, lipa unachopaswa kulipa, na umwulize mtoto jioni amejifunza nini. Ukiombea mvua, usikate mti wa msituni.

Hapo lazima tuseme neno moja zito, maana twajua kwamba wako wanaotusikiliza wakiwa na uchungu. Wako walioomba, wakapeleka mgonjwa hospitali, wakafanya yote, na mgonjwa akafa. Wako waliopanda kahawa, wakangoja miaka mitatu au minne mpaka mibuni ikazaa, na mwaka ule ule bei ikaanguka. Kwao hatutasema kwamba hawakuwa na imani. Maneno hayo ni ya ukatili, tena si ya kweli. Rebmann alikuwa na imani, naye akawa kipofu. Bwana wetu mwenyewe aliomba bustanini kikombe kile kimwondokee, nacho hakikumwondokea. Lakini alitiwa nguvu akakinywa. Mungu hakutuahidi kwamba kila tuombalo litakuwa kama tulivyolitaja. Alituahidi kwamba hatatuacha. Mtu aliyefiwa, akiweza kusema usiku ule "Baba yetu," hata kama sauti yamkatika asifike mwisho, huyo ameomba sala kubwa kuliko zetu sote. Na ikiwa hawezi kusema, majirani waende wakaketi naye, wamsemee. Ndiyo maana kusafisha mfereji si kazi ya mtu mmoja.

Nanyi vijana mliomo shuleni, msidhani mambo haya ni ya wazee. Mtihani waja, someni kwanza, kisha ombeni, kisha someni tena. Msiombe Mungu awape majibu ya somo ambalo hamkulifungua. Mwombeni akili tulivu na moyo wa kweli, hata mkishinda msijivune, na mkishindwa msikate tamaa.

Basi, ndugu wasikilizaji, kesho asubuhi Kibo kikifunuliwa na mawingu, kitazameni mkamsifu aliyekiumba. Kisha tazameni chini kidogo, penye msitu mweusi ambao hakuna anayeupiga picha, mkakumbuka kwamba maji yenu ya asubuhi yametoka humo. Halafu kila mtu achukue jembe lake, aende kwenye sehemu yake ya mfereji.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini.